Wainka: Dhahabu Iliyeyushwa, Nyasi Zimebaki

Kila mwaka, ifikapo Juni, wanavijiji wa Quehue katika nyanda za juu za Cusco, nchini Peru, hulikata daraja lao kwa mikono yao wenyewe na kuliacha liangukie mtoni. Mto ni Apurímac, na daraja linaitwa Q'eswachaka. Lina urefu wa mita 28 hivi, limesukwa kwa nyasi, na halina msumari wala waya. Siku tatu baadaye daraja jipya huwa limeshatanda juu ya korongo. Siku ya nne ni ya ngoma na kula.

Maandalizi huanza mapema majumbani. Nyasi ngumu za milimani, ziitwazo q'oya, hukatwa, hulowekwa na kupondwa kwa jiwe mpaka zilainike, kisha wanawake huzisokota viganjani kuwa kamba nyembamba. Kila kaya ina fungu lake la kupeleka. Siku ya kwanza mganga wa kimila hutoa sadaka kwa Pachamama, mama ardhi, ndipo kamba zote zinakusanywa. Nyembamba husokotwa pamoja kuwa nene, na zile nene husukwa tatutatu mpaka zinapata unene wa amari ya jahazi. Amari nne ni za sakafu na mbili ni za kushikia. Wanaume hujipanga ng'ambo zote mbili wakazivuta mpaka zikaze, wakazifunga kwenye nguzo za mawe. Baada ya hapo mafundi wawili wasioogopa kimo hukaa juu ya kamba, kila mmoja akianzia upande wake, wakawa wanasuka kuta za daraja hadi wakutane katikati.

Kwa kuvuka tu, daraja hilo halihitajiki. Karibu na hapo pana daraja la chuma linalopitisha magari. Bado vijiji vinne, Huinchiri, Chaupibanda, Choccayhua na Ccollana Quehue, hukutana kila mwaka kulifanya upya, na mwaka 2013 UNESCO iliiingiza kazi hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Mwaka 2020 janga la korona liliwazuia kukusanyika. Machi 2021 daraja likakatika. Ilipofika Juni mwaka huohuo jipya lilikuwa juu.

Wajenzi wa kwanza wa madaraja ya namna hiyo, kwa kadiri yalivyotumika kuunganisha dola zima, walikuwa watumishi wa Wainka. Na hapo ndipo penye jambo ambalo vipeperushi vya utalii havilisemi sana: dola hilo halikudumu. Mfalme Pachacuti alianza kulipanua kutoka Cusco mnamo mwaka 1438. Ilipofika Novemba 1532, Mhispania Francisco Pizarro alikuwa amekwisha kumkamata mfalme Atahualpa katika uwanja wa Cajamarca, akiwa na askari 168 tu. Ni chini ya karne moja. Katika muda huo mfupi Wainka walikuja kutawala kutoka kusini mwa Kolombia ya leo hadi katikati ya Chile, bila farasi, bila gurudumu, bila chuma, na bila maandishi ya aina tunayoyajua.

Mengi waliyoyatumia hawakuyabuni wao. Watu wa Wari walichonga barabara milimani karne nyingi kabla yao, na mafundi bora wa dhahabu walitoka kwa Wachimu wa pwani, ambao Wainka waliwashinda vitani. Kipaji cha Wainka kilikuwa katika utawala. Walijua kuunganisha vilivyokuwapo, kuvihesabu, na kuwatoa watu kwa zamu wakafanye kazi ya serikali, iwe shambani, mgodini au barabarani. Zamu hiyo iliitwa mita. Asidhani mtu kwamba wote waliipenda. Pizarro alipata washirika wengi miongoni mwa makabila yaliyochoshwa na utawala wa Cusco.

Atahualpa aliahidi kujikomboa kwa kujaza chumba kimoja dhahabu na kukijaza tena fedha mara mbili. Ahadi akaitimiza. Vinyago, sahani na mabamba ya mahekalu vikaingizwa tanuruni miezi kadhaa, zikatoka takriban tani 6 za dhahabu iliyoyeyushwa. Julai 1533 Atahualpa akanyongwa hata hivyo. Ndiyo maana anayekwenda leo kutafuta dhahabu ya Wainka katika majumba ya makumbusho atakuta vipande vichache tu. Vilivyosalia kwa wingi ni vitu ambavyo mshindi hakuviona kuwa mali: njia, nyasi, viazi, nyuzi.

Njia kwanza. Mtandao wa barabara za dola, Qhapaq Ñan, ulifikia kilomita 30,000. Kwa mwendo wa siku moja hivi kulikuwa na kituo cha kulala, tambo, na kwa umbali mfupi zaidi kulikuwa na vibanda vya matarishi, chasqui, waliopokezana habari mbio huku wakipiga baragumu la kombe la bahari ili mwenzao ajiandae. Kwa kupokezana hivyo ujumbe uliweza kwenda kilomita 240 kwa siku. Penye mteremko mkali, wajenzi walikata ngazi badala ya kuizungusha njia, kwa sababu waliopita walikuwa binadamu na llama, mnyama ambaye ngazi hazimsumbui lakini mzigo wake hauzidi sana kilo 30. Farasi wa Wahispania walipata taabu kubwa kwenye ngazi hizo. Hata hivyo barabara zilezile ndizo zilizowafikisha Cusco.

Mwaka 2014 nchi sita, yaani Peru, Bolivia, Ekwado, Kolombia, Chile na Ajentina, zilifanikiwa kuiandikisha Qhapaq Ñan kuwa Urithi wa Dunia. Lakini mtalii wa kawaida anakijua kipande kimoja tu, kile cha siku nne kinachoishia Machu Picchu, karibu kilomita 43, kikipanda hadi mita 4,215 juu ya usawa wa bahari. Serikali ya Peru inaruhusu watu 500 kwa siku kuanza safari hiyo, na hesabu hiyo inajumuisha waongozaji na wapagazi. Februari njia hufungwa kwa matengenezo. Wapagazi wengi ni wakulima wanaozungumza Kikechua, na sheria imeweka kikomo cha mzigo kuwa kilo 20 kwa mwanamume. Wasomaji wa Moshi na Marangu hawahitaji kuelezwa kwa nini sheria ya aina hiyo ilibidi itungwe.

Machu Picchu yenyewe husemekana "iligunduliwa" Julai 24, 1911 na Hiram Bingham, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Yale. Kauli hiyo inapaswa kustaafu. Bingham alipofika alikuta familia za wakulima zikilima kwenye matuta ya Wainka, mkulima Melchor Arteaga ndiye aliyempeleka mlimani, na ukutani palikuwa na jina la Agustín Lizárraga na mwaka 1902. Alichofanya Bingham ni kupiga picha, kuutangazia ulimwengu, na kusafirisha maelfu ya vitu kwenda Marekani. Yale ilivirudisha kuanzia mwaka 2011, baada ya mvutano mrefu na serikali ya Peru. Sasa vinaonekana Cusco.

Chakula nacho kina habari yake. Juu ya mita 3,800, mwezi Juni na Julai, usiku huwa na sakitu kali na mchana jua la kuchoma. Wakulima huanika viazi vidogo, vingi vikiwa vya ile aina chungu isiyofaa kuliwa ikiwa mbichi, juu ya nyasi kavu. Usiku vinaganda. Mchana vinayeyuka, na watu huvikanyaga kwa miguu mitupu, taratibu, maji yakatoka na maganda yakachubuka. Baada ya siku tano hivi za kuganda na kukanyagwa, kinachobaki ni vijiwe vyeusi, vyepesi, vikavu kabisa: chuño. Vikilowekwa kwa wiki kadhaa katika maji ya kijito kabla ya kukaushwa hutoka vyeupe, huitwa tunta, na uchungu huisha. Chuño hukaa miaka bila kuoza wala kuliwa na wadudu. Atakaye kupika huiloweka usiku, asubuhi huitia kwenye supu. Ladha yake, wageni wengi hukiri, inahitaji mazoea.

Wainka hawakuvumbua chuño. Ilikuwapo kabla yao. Wao waliijazia maghala. Huko Huánuco Pampa, mji wa kiserikali ulioko nyanda za juu, wanaakiolojia walihesabu karibu maghala 500 yaliyopangwa kwa safu kilimani, yenye matundu ya kupitisha upepo baridi chini ya vyakula. Jeshi lililokuwa safarini halikuhitaji kupora vijiji. Wahispania walipochukua nchi, nao walikula kutoka katika maghala hayo, na chuño ikawa chakula cha watu waliopelekwa kwa shokoa kuchimba fedha katika mgodi wa Potosí. Mwandishi Pedro Cieza de León, ambaye kitabu chake kilichapishwa 1553, alieleza jinsi Wahispania walivyotajirika kwa kupeleka chuño huko kuiuza.

Maghala hayo yalihesabiwa kwa nyuzi. Khipu ni uzi mkuu wenye nyuzi nyingine zinazoning'inia, na mafundo yake husomwa kwa makumi, mamia na maelfu kulingana na mahali lilipo fundo. Penye sifuri huachwa wazi. Mmarekani Leland Locke ndiye aliyeonyesha mwanzoni mwa karne ya 20 jinsi hesabu hiyo inavyosomeka. Lakini kwa wenyeji wa Andes hilo halikuwa fumbo hata kidogo. Mwaka 1561 machifu wa Wahuanca wa bonde la Jauja walikwenda mahakamani Lima na madai yao dhidi ya utawala wa Kihispania. Walisoma kutoka kwenye khipu orodha ya mahindi, nguo, llama na wapagazi waliowapa askari wa Pizarro na waliowafuata, tangu mwaka 1533. Mahakimu waliandika yote. Wakoloni walikuwa wamekula kwa mkopo wasijue kwamba kuna anayefunga mafundo.

Nyuzi nyingine ni za vicuña, mnyama mwitu wa jamii ya llama, ambaye sufu yake ni miongoni mwa laini kuliko zote duniani. Chini ya Wainka ilivaliwa na wakuu tu. Watu walishikana mikono kuzunguka bonde zima, wakawabana wanyama katikati, wakawanyoa na kuwaachia. Msako huo unaitwa chaccu. Baada ya utekaji, bunduki zilichukua nafasi ya mikono, na kufikia miaka ya 1960 vicuña walikuwa wamebaki maelfu machache tu. Mwaka 1967 Peru ilianzisha hifadhi ya Pampa Galeras, biashara ya ngozi ikapigwa marufuku, na chaccu ikarudi. Siku hizi wanavijiji huandamana wakishikilia kamba ndefu yenye vitambaa vya rangi, wakafunga duara polepole. Mnyama mmoja hutoa gramu 250 hivi kila anaponyolewa. Skafu ya sufu hiyo huuzwa Ulaya kwa maelfu ya dola, na sehemu inayomfikia mwanakijiji ni ndogo mno. Hapo Wainka hawahusiki. Ni hesabu za wafanyabiashara wa leo.

Halafu kuna jina lenyewe, ambalo limekuwa bidhaa. Soda ya manjano iitwayo Inca Kola, inayopatikana kila mgahawa wa Lima, ilitengenezwa mwaka 1935 na familia ya Lindley, wahamiaji kutoka Uingereza, wakati jiji likiadhimisha miaka 400 tangu kuanzishwa na Wahispania. Waingereza, sherehe ya Wahispania, jina la Wainka. Wananchi waliipenda kiasi kwamba Coca-Cola, ikishindwa kuishinda sokoni, ilinunua sehemu ya kampuni mwaka 1999. Bahati mbaya zaidi iliipata sarafu ya inti, iliyopewa jina la mungu jua mwaka 1985. Mfumuko wa bei uliitafuna, na mwaka 1991 inti milioni moja zilibadilishwa kwa sol moja mpya.

Sikukuu ya jua, Inti Raymi, ilipigwa marufuku na Wahispania katika karne ya 16. Inayoonekana Cusco kila Juni 24, yenye mavazi ya kung'aa na maelfu ya watazamaji katika ngome ya Sacsayhuamán, ilianza 1944, ikijengwa juu ya maelezo ya Garcilaso de la Vega, mwana wa binti wa kifalme wa Kiinka na baba Mhispania, aliyechapisha kitabu chake 1609. Ni tamthilia, basi. Lakini inachezwa kwa Kikechua, lugha ya mamilioni ya watu, ambayo serikali ya Peru iliikubali kuwa rasmi mwaka 1975 tu.

Afrika Mashariki imepata fungu lake pia, kupitia kiazi mviringo. Kilianza kulimwa na wakulima wa Andes maelfu ya miaka kabla ya Wainka, kikavushwa Ulaya na Wahispania katika karne ya 16, kikaja huku na wamisionari na walowezi mwishoni mwa karne ya 19. Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichoanzishwa Lima mwaka 1971 kinatunza aina zaidi ya 4,000 za viazi vya asili, na kina ofisi Nairobi. Mwaka 2004 jamii za Kikechua za karibu na Pisac, Cusco, zilitia saini mkataba na kituo hicho zirudishiwe mbegu za viazi vilivyokuwa vimetoweka mashambani mwao, na sasa wanavilima. Kutoka katika mbegu za kituo hichohicho zilipatikana Asante na Tigoni, aina mbili walizopewa wakulima wa Kenya mwaka 1998. Nchini Uganda, kiazi cha Asante kinajulikana kwa jina la Victoria.