Jinsi unene kupita kiasi unavyodhoofisha misuli

UNENE kupita kiasi hutajwa mara nyingi pamoja na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Ni nadra kutajwa pamoja na misuli, ilhali misuli ndiyo inayoamua iwapo mtu ataendelea kutembea, kuinama na kubeba mzigo bila kutegemea wengine.

Wengi hudhani kuwa mtu mnene ni mtu mwenye nguvu. Mizani nayo haiwezi kuwasahihisha, kwa kuwa hupima kilo bila kutenganisha misuli na mafuta.

Katika Kaunti ya Machakos jambo hili si dogo. Mji wa Machakos umekaa chini ya vilima vya Iveti, na mashamba mengi ya vijijini yamekatwa matuta yanayopanda mlima kama ngazi. Mkulima asiyeweza tena kuyapanda matuta hayo ni kana kwamba amelipoteza shamba lake, hata kama hatimiliki ingali mkononi mwake.

Kutoka jembe hadi kiti

Matuta hayo yalichimbwa kwa nguvu za mikono. Katika miaka ya 1930 mmomonyoko wa udongo ulikuwa umeiharibu vibaya sehemu kubwa ya Machakos. Baadaye wakazi, wengi wao wanawake waliojiunga katika vikundi vya mwethya, walichimba matuta kwa jembe na sepetu wakitupa udongo upande wa juu, mtindo uliopewa jina la "fanya juu".

Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walieleza katika kitabu chao cha mwaka wa 1994 jinsi mmomonyoko ulivyopungua huku idadi ya watu ikiongezeka takriban mara tano.

Kazi ya aina hiyo ilikuwa mazoezi tosha. Siku hizi bodaboda humfikisha mtu hadi mlangoni, na katika maeneo ya Athi River, Mlolongo na Syokimau wengi hushinda wameketi afisini au katika msongamano wa magari. Chapati, mandazi, viazi vya kukaanga na soda vimechukua nafasi ya muthokoi na isyo katika nyumba nyingi.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008, ambao uliwahusisha Wakamba, Wajaluo na Wamaasai, ulionyesha kuwa asilimia 39.8 ya wakazi wa mjini walikuwa na uzani uliozidi, ikilinganishwa na asilimia 15.8 vijijini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza nao ulionyesha kuwa asilimia 27 ya Wakenya wa umri wa miaka 18 hadi 69 walikuwa na uzani uliozidi au unene kupita kiasi: asilimia 38.5 ya wanawake na asilimia 17.5 ya wanaume.

Mafuta yanapoingia katika misuli

Mwanzoni, mtu mnene huweza kuwa na misuli mikubwa, hasa ya miguu, kwa sababu hubeba mzigo wa mwili wake kila anapotembea. Hata hivyo, nguvu zake zikilinganishwa na uzani anaoubeba huwa ni chache kuliko za mtu wa uzani wa wastani.

Kadiri mafuta yanavyozidi, hukosa nafasi chini ya ngozi na kuanza kujipenyeza baina ya nyuzi za misuli na hata ndani yake. Mguu huonekana mnene kama kawaida, lakini sehemu inayofanya kazi imepungua.

Aidha, mafuta mengi ya tumboni hutoa kemikali zinazouweka mwili katika hali ya mapambano ya chinichini, kana kwamba una kidonda kisichopona. Kemikali hizo hupunguza uwezo wa misuli kujijenga na huharakisha kuvunjika kwake.

Misuli pia ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari iliyomo katika damu kwa msaada wa homoni ya insulini. Mafuta yanapojaa, misuli huacha kuitikia insulini ipasavyo. Sukari hubaki katika damu na njia ya kisukari cha aina ya pili hufunguka. Kisukari nacho huidhoofisha misuli zaidi, na mgonjwa hujikuta katika mzunguko mbaya: uchovu humfanya akae, na kukaa humwongezea mafuta.

Mnene lakini dhaifu

Kwa kawaida mwanadamu huanza kupoteza misuli polepole baada ya umri wa miaka 30, na kasi huongezeka baada ya miaka 60. Upungufu huo wa misuli na nguvu uzeeni huitwa sarkopenia. Unapokutana na unene kupita kiasi, mtu hubeba mzigo mkubwa kwa misuli iliyonyauka. Hatari ya kuanguka na kushindwa kujihudumia huongezeka.

Magoti huumia mapema. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka wa 2005 ulionyesha kuwa kila kilo moja inayopunguzwa hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua.

Namna ya kujipima

Gawanya uzani wako kwa kilo kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa kilo 84 mwenye urefu wa mita 1.60 hupata 32.8. Kuanzia 25 uzani umezidi, na kuanzia 30 ni unene kupita kiasi. Kiuno kinachofikia sentimita 80 kwa mwanamke au 94 kwa mwanamume ni dalili ya mafuta mengi tumboni.

Nguvu za miguu hupimwa kwa kiti. Kunja mikono kifuani, kisha simama na kuketi mara tano mfululizo. Mzee anayetumia zaidi ya sekunde 15 anafaa kumwona daktari ili misuli yake ichunguzwe.

Kupunguza mafuta bila kupoteza misuli

Anayejinyima chakula kiholela hupoteza misuli pamoja na mafuta. Sindano za kupunguza uzani, zikiwemo zenye dawa ya semaglutide, nazo huweza kuleta hasara hiyo. Kilo zikirejea baadaye, mara nyingi hurejea zaidi kama mafuta.

Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka wa 2017 uliwahusisha wazee wanene 160. Waliopunguza uzani huku wakifanya mazoezi ya kutembea pamoja na ya kunyanyua vitu vizito waliongeza uwezo wao wa kutenda kazi kwa asilimia 21. Waliofanya aina moja pekee ya mazoezi waliongeza kwa asilimia 14.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Si lazima kulipia ukumbi wa mazoezi. Mtungi wa lita tano uliojaa maji una uzani wa kilo tano, na kuinuka kwenye kigoda mara kumi asubuhi na jioni huimarisha mapaja. Kulima na kupanda vilima pia ni mazoezi.

Misuli huhitaji protini, na Ukambani haikosi. Ndengu, kunde, mbaazi na maharagwe hupatikana katika kila soko, na mayai, maziwa na samaki huongeza. Kinachofaa kupunguzwa ni sukari, vinywaji vitamu, mafuta ya kukaangia na sahani ya wanga iliyojaa pomoni.

Wenye kisukari, maradhi ya moyo, ya figo au maumivu makali ya viungo wanafaa kumwona daktari kabla ya kubadilisha lishe au kuanza mazoezi mazito. Kwa wengine wote, lengo lisiwe tu kupunguza kilo, bali kubaki na miguu iwezayo kupanda tuta hadi uzeeni.