Mkaa na Metali: Kutoka Katuruka hadi Biharamulo

Historia ya metali huandikwa kwa majina ya metali zenyewe: zama za shaba, zama za chuma, mbio za dhahabu. Mkoani Kagera yafaa pia kuisoma kupitia mkaa.

Katuruka, kijiji kilicho karibu na Maruku wilayani Bukoba, ndipo palipokuwa na kasri la Mukama Rugomora Mahe wa karne ya 17. Wenyeji walisimulia kwamba penye mti wa Kaiija wahunzi walifua chuma. Mwaka 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba hapo akifuata masimulizi hayo. Mkaa aliouibua, ulipopimwa umri kwa kaboni yake, ulionyesha kwamba kazi ya chuma ilifanyika hapo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Simulizi la wazee likapata shahidi kutoka ardhini.

Kufikia wakati huo uyeyushaji ulikuwa umekufa kwa miongo kadhaa, kwa kuwa majembe ya viwandani kutoka Ulaya yaliua soko. Lakini wazee walioifanya kazi hiyo ujanani walikuwa hai, na katika miaka ya 1970 walijenga tanuru upya mbele ya watafiti. Walikandika shimo kwa udongo wa kichuguu, wakachoma matete ndani yake mpaka yakawa makaa, kisha wakapanga juu yake mkaa wa miti migumu na mawe ya chuma. Mirija ya udongo iliyopeleka hewa ya mivukuto ilizama ndani kabisa ya tanuru. Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science kwamba hewa ilipata joto ikipita kwenye mirija hiyo, na kwamba matanuru ya kale yaliyofukuliwa Kemondo yalifuata njia kama hiyo. Wataalamu wengine walilipinga dai la hewa kupashwa joto, na mjadala ukaendelea kwa miaka mingi. Kuhusu kazi ya mkaa hakukuwa na ubishi: ulitoa joto, uliyanyang’anya mawe oksijeni, na sehemu yake iliingia katika chuma na kukiongezea ugumu. Gharama yake ililipwa na misitu iliyokatwa kizazi baada ya kizazi.

Kutoka Kemondo barabara inashuka kusini hadi Muleba, kisha Biharamulo, ambako mkoa huu una dhahabu. Mgodi wa Tulawaka ulianza uzalishaji mwaka 2005, na mwaka 2013 ukaingia mikononi mwa STAMICO, shirika la madini la serikali, kupitia kampuni ya STAMIGOLD. Huko kaboni, yaani mkaa ulioandaliwa maalumu, ina kazi nyingine. Mawe husagwa, na sianidi huyeyusha dhahabu katika maji, ambayo lita yake moja hubeba miligramu chache tu. Chembe za kaboni, ambazo mara nyingi hutokana na vifuu vya nazi, huchanganywa humo. Zimetobolewa na vinyweleo vidogo mno, kiasi kwamba gramu moja ina eneo la takriban mita za mraba 1,000, na dhahabu hunasa juu ya eneo hilo.

Njia ya sianidi ilibuniwa Glasgow mwaka 1887, lakini kwa miongo mingi dhahabu ilitolewa kwenye maji hayo kwa zinki. Mkaa ulijaribiwa mapema, ila ilibidi uchomwe ndipo dhahabu ipatikane. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 J. B. Zadra wa Marekani alionyesha namna ya kuivua dhahabu kwa maji moto yenye magadi makali na sianidi, kaboni ikabaki na kutumika tena. Mwaka 1973 mgodi wa Homestake, nchini humo, ukaitumia njia hiyo kwa kiwango kikubwa, kisha ikaenea duniani.

Katuruka na Tulawaka hutofautiana katika jambo zito. Ujuzi wa tanuru ulikaa kwa wenyeji: walichagua mti, udongo na mawe, wakawafundisha vijana wao. Ujuzi wa kaboni ya dhahabu ulikuja na kampuni, pamoja na sumu inayodai uangalizi mkali. Kwa hiyo makumbusho ya Katuruka na shule za Bukoba na Muleba zina sababu ya kufundisha habari hizi mbili kwa pamoja. Kijana anayejua kwamba mababu zake waliitawala kemia ya mkaa ana haki, na wajibu, wa kuielewa ile inayotumika leo katika ardhi yake.