Nuru na Giza katika Malezi ya Samaki wa Nyanda za Juu Kusini

Wenye kuandika habari za ufugaji wa samaki katika nchi za Mbeya na Iringa aghalabu huanza na maji, na haki wanayo, kwani nchi hizo zimejaaliwa vijito visivyokauka. Kisha huendelea na chakula, na mwisho hulalamikia baridi. Nuru hawaitaji, au huitaja kwa kupita tu, ilhali kiumbe aliyetoka yaini jana, mwenye ngozi nyembamba ionyeshayo mpaka moyo unavyopiga, hana kitu kimgusacho mapema kuliko mwanga, na kila kabila la samaki aliyeletwa katika milima ile alikuja na sharia yake katika jambo hilo.

Zama za utawala wa Mwingereza, maji baridi ya Mto Kiwira na vijito vya Mufindi, kwenye mashamba ya chai, yalipandikizwa trauti, si kwa kitoweo cha raia bali kwa anasa ya mabwana waliopenda kuvua kwa ndoana siku za mapumziko. Desturi hiyo ilikwisha kutangulia Kenya, ambako Ewart Grogan alileta mayai ya trauti kutoka Uskochi mwaka 1905 na kuyatia katika Mto Gura, milima ya Aberdare. Msomaji atauliza yai la samaki lawezaje kuvuka bahari na ikweta lisife. Jawabu lilikwisha kupatikana mwaka 1864, marikebu iitwayo Norfolk ilipochukua mayai ya samaki wa namna hiyo kutoka Uingereza mpaka Australia, safari ya takriban miezi mitatu, na kutoka huko yakafikishwa Tasmania: mayai yalilazwa katika majani laini ya kinamasi, ndani ya visanduku vya mbao vilivyozikwa katika barafu. Barafu ilichelewesha uhai usiharakie kuanguliwa, na mbao zikauficha usionekane na jua. Sifa ya kazi ile imepewa barafu peke yake, na mimi naona sanduku limedhulumiwa.

Maana yai la trauti, hasa kabla halijatoa vile vitone viwili vyeusi vya macho, hudhurika kwa mwanga wa jua, na mionzi ya kibuluu na ile isiyoonekana kwa macho ndiyo yenye madhara makubwa. Kwa tabia yake ya asili jike huchimba changarawe kitandani mwa mto, akataga, akafukia. Basi malezi yake ya awali yote ni ya gizani. Katika maji ya nyuzi 10 mayai ya trauti wa upinde wa mvua huanguliwa baada ya siku 30 hivi, na kitoto, kikiwa bado kimebeba tumboni kifuko cha kiini cha yai, huukimbia mwanga na kujipenyeza baina ya mawe. Mpaka kifuko kiishe ndipo tabia hugeuka kabisa: mtoto yule yule huinuka, huufuata mwanga, na asipopata mwanga wa kumtosha kukiona chakula hufa njaa chakula kikiwa mbele yake.

Mafundi wa Ulaya waliyaona hayo kabla sayansi haijawapa sababu. Mjerumani Stephan Ludwig Jacobi, aliyeeneza maarifa yake mwaka 1765, aliyalea mayai katika sanduku refu la mbao lenye changarawe, mfuniko juu na wavu wa kupitisha maji. Na katika miaka ya 1840 mvuvi wa Kifaransa Joseph Remy na mwenziwe Antoine Géhin walitumia makopo ya bati yenye matundu, wakayazika kijitoni. Kila nyumba ya kuangulia trauti iliyojengwa baadaye, na Kiganjo nchini Kenya ni mojawapo, imerithi mfuniko ule.

Perege ni mwana wa nyumba nyingine. Majaribio ya kumfuga Tanganyika yalianza mwaka 1949 huko Korogwe na Malya, mbali na milima hii, kisha mabwawa yakaenea hata kufikia mwaka 1968 yakahesabiwa takriban 8,000 nchini, mengi yakiwa yameharibika kwa ukosefu wa uangalizi na elimu. Huyu naye huanza gizani, lakini giza lake amelibeba mama: jike huyaatamia mayai kinywani, na vifaranga hukimbilia humo humo kila waonapo hatari. Wakishaachwa huenda ukingoni, penye maji haba yaliyopashwa moto na jua, wakaogelea makundi makundi mchana kutwa.

Sasa tazama mabwawa yalichimbwa wapi. Iringa, katika makao mengi ya Wahehe na Wabena, watu walikuwa na vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi kwa unyevu wa ardhi, na bwawa likapata nafasi humo humo, maji yakiwa karibu. Lakini bonde ni mahali pa ukungu, jua hulifikia kwa kuchelewa na huliaga mapema, na mwenye bwawa akiacha migomba na miti ikaota ukingoni, robo ya mchana imekwenda bure. Si joto tu alilokosa. Chakula cha kwanza cha kifaranga wa perege ni ule ukijani wa maji, vimea visivyoonekana kimoja kimoja, ambavyo huota kwa samadi na nuru vikiwa pamoja. Samadi pasipo nuru huozesha maji tu. Ndiyo maana mabwana samaki hufundisha kipimo cha mkono: uutumbukize mpaka kiwiko, na vidole vikipotea machoni kwa ukijani, bwawa lina chakula. Ukijani ukizidi mno huleta balaa lake, maana mchana hutoa hewa na usiku huivuta, na alfajiri samaki huonekana wakihema juu ya maji. Sitashangaa kama sehemu ya mabwawa yale yaliyokufa ilikufa kwa kivuli, ingawa lawama imeandikwa jina la mwenye bwawa.

Hata hivyo Iringa na Mbeya hazikuacha. Zilihesabiwa miongoni mwa mikoa michache yenye mabwawa zaidi ya 1,000 kila mmoja. Na kwingineko wataalamu walikwisha kuanza kuipima nuru yenyewe kwa saa. Mwaka 1937 Mmarekani Hoover aliwatangulizia trauti msimu wa kutaga kwa kuwabadilishia urefu wa mchana kwa taa, jambo linaloonyesha jinsi ishara hiyo ilivyo dhaifu Mbeya, ambako mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka hupitana kwa saa moja hivi, ilhali Uskochi hupitana kwa zaidi ya saa 10. Mwaka 2004 ikachapishwa kwamba vifaranga wachanga wa sato, aliye wa jamii ya perege, hukua vyema zaidi wakiwashiwa taa saa 18 au usiku na mchana kuliko saa 12, na kwamba wakishakuwa wakubwa kidogo faida hiyo hupotea. Basi gharama ya taa, kwa mwenye umeme, ni ya majuma machache ya mwanzo. Kambale hataki hata hayo. Majaribio ya Afrika Kusini yaliyotangazwa mwaka 1992 yalionyesha kuwa vifaranga wake hukua zaidi na hugombana kidogo wakiwa gizani, kwa hiyo mfugaji anayewalea kambale na sato chini ya paa moja hulazimika kulifunika tangi la mmoja na kuliachia mwanga la mwenziwe.