Ngome ya Ikoma: Kuta Zipo, Kumbukumbu Ziko Wapi?



Upande wa Serengeti, si mbali na lango la Ikoma la kuingilia hifadhini, kuna kilima chenye kuta za mawe. Hiyo ndiyo Fort Ikoma, boma la kijeshi lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Wageni wakituuliza habari zake, wengi wetu tuna jibu moja tu: "Mjerumani alikaa hapo."

Alikaa, na mengi yalitokea. Mwaka 1917 kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Heinrich Naumann, kikifukuzwa na majeshi ya Waingereza na Wabelgiji, kilifika Ikoma na kuwashinda Wabelgiji waliokuwa wakikifuata. Mwanzoni mwa Oktoba mwaka huohuo Naumann akasalimu amri. Maafisa waliandika habari za vita vyao. Wapagazi waliobeba mizigo hawakuandika, wala kina mama ambao maghala yao ya ulezi na mtama yalikuwa njiani. Miaka ya 1960 ngome ikageuzwa hoteli ya watalii. Kwa hiyo imewahi kuwa ya askari, ikawa ya wageni, lakini haijawahi kuwa nyumba ya historia yetu.

Kila tunapokutana, wazo la kuifanya makumbusho na hifadhi ya nyaraka hurudi. Si ndoto. Fort Jesus ya Mombasa ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ikawa gereza tangu 1895 hadi 1958, kisha ikafanywa makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Boma la Wajerumani la Arusha sasa ni Makumbusho ya Historia ya Asili. Hapa mkoani kwetu, Butiama ina Makumbusho ya Mwalimu Nyerere.

Hata hivyo tusidanganyane. Ngome si mali ya chama chetu, na uamuzi juu yake ni wa serikali. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iliweka mwaka 1863 kuwa mpaka: jengo la kabla ya hapo linalindwa moja kwa moja, la baadaye huhitaji kutangazwa rasmi. Boma la Ikoma ni la baadaye. Anayetaka litangazwe na kutunzwa lazima aeleze kwa ushahidi lina maana gani kwa watu wanaolizunguka.

Ushahidi huo tunao, lakini mchwa na misiba vinautangulia. Umo katika stakabadhi za kodi ya kichwa zilizofungwa kwenye kitambaa, katika vyeti vya wazee waliopigana Burma na King's African Rifles, na katika picha za harusi na za shule. Umo pia katika madaftari ambamo wazee waliandika historia za koo zao. Mwaka 2003 baadhi ya historia za namna hiyo kutoka Mara zilichapishwa Uholanzi, zikihaririwa na Mmarekani Jan Bender Shetler. Tunashukuru. Lakini mtoto wa Mugumu au Sirari atakipata wapi kitabu hicho?

Umo pia vinywani. Mzee wa Kikurya hahesabu kwa karne. Huanza na makora, Abasai na Abachuma, kisha hutaja rika lililotahiriwa mwaka wa njaa au wa vita. Tukiweka maneno yake kando ya faili la mkoloni lenye tarehe, kila moja hulisahihisha jingine. Mzee akishazikwa, faili hubaki likisema peke yake.

Wala si kila kitu ni cha kuwekwa kwenye kabati la kioo. Machaba, pembe za ndovu ambazo Waikoma wanazitukuza, zina watunzaji na taratibu zake. Makumbusho yetu yatakuwa na heshima yakijua pia cha kuacha mahali pake.

Ndiyo maana michango ya mwaka huu haitanunua saruji. Itanunua vinasa sauti, skana na masanduku yasiyopitisha unyevu, na itawalipa nauli vijana watakaokwenda kwa wazee kijiji kwa kijiji. Nyaraka zitapigwa nakala na asili zitarudishwa kwa wenyewe.

Tunakuomba mambo mawili. Changia ulichojaliwa. Na ukirudi nyumbani likizo hii, kabla ya kukagua ng'ombe, kaa na babu au bibi, umwombe akufungulie lile sanduku la chini ya kitanda. Uandike majina ya watu walio kwenye picha wakati bado yupo anayewajua.