Trekta dogo la mjomba na historia yake: tulipokee au hapana?



Wiki tatu zilizopita niliwasikilizisha hewani ujumbe wa sauti wa mjomba wangu anayeishi Louisville, katika jimbo la Kentucky, Marekani. Alisema amenunua trekta dogo la bustani, la zamani, lililokuwa limekufa. Amelitengeneza, sasa linalima, na yuko tayari kulituma huku kwa ajili ya chama cha wakulima waliohama. Tangu siku ile simu yangu hainyamazi. Wengine wanauliza litafika lini bandarini. Wengine wanasema mzee atume pesa, chuma abaki nacho. Kamati ya chama itakutana Jumamosi kutoa jibu. Mimi si mjumbe wa kamati, ila nimemhoji mjomba kwa siku nyingi, na nimesoma habari za mashine hiyo. Naona historia yake inaweza kutusaidia kuamua.

Nianze na mtu mwenyewe. Mjomba ni mtoto wa Fizi. Ujana wake aliutumia Kiliba, katika kiwanda cha sukari cha bonde la Ruzizi. Alifanya kazi kwenye garaji ya matrekta, si kama fundi mkubwa, bali kama msaidizi wa kushika taa na kuosha vyuma kwa mazutu. Vita vya 1996 vilipoingia, kiwanda kilisimama. Yeye alivuka ziwa hadi kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, ambayo ilifunguliwa mwaka huohuo kwa ajili ya Wakongomani. Alikaa pale karibu miaka 20. Nje ya kambi mkimbizi hakuruhusiwa kulima, hivyo alipanda mboga kwenye kipande cha ardhi kando ya nyumba, kiasi cha mikeka miwili. Baadaye jina lake likatoka, akapelekwa Louisville, mji uliopokea Wakongomani wengi. Huko alipewa nafasi katika shamba la pamoja, nje kidogo ya mji. Ardhi akapata, lakini mgongo ulikuwa umekwisha kuzeeka. Ndipo akaanza kutafuta trekta.

Kwa nini Marekani kuna matrekta madogo hivyo, ya kimo cha mbuzi? Zamani wakulima wadogo wa kule walilima kwa farasi na nyumbu. Matrekta makubwa yalikuwa ya wenye mashamba mapana. Watu wengine wakajaribu kutafuta njia ya katikati. Katika jimbo la West Virginia, mpiga picha mmoja aitwaye Benjamin Gravely alitengeneza jembe la moteri la kusukumwa kwa mikono, akapata hati ya uvumbuzi mwaka 1916. Mwaka 1946, huko South Bend, Indiana, familia ya Pond ilianza kuunda vitrekta, na kazi yao ikajulikana kwa jina la Wheel Horse.

Kampuni kubwa kuliko zote katika kazi hiyo wakati ule ilikuwa International Harvester ya Chicago, iliyoundwa mwaka 1902. Baada ya Vita Kuu ya Pili ilinunua kiwanda pale Louisville, ambacho wakati wa vita kilikuwa kikiunda ndege. Mahali palipotoka ndege za vita pakaanza kutoka matrekta. Mwaka 1947 walianza kuuza Farmall Cub, trekta la mkulima mwenye eneo dogo. Wakati huo Wamarekani wengi walikuwa wakihama katikati ya miji na kujenga pembeni, kila mtu na kiwanja chake chenye majani na bustani. Hao hawakuhitaji trekta la shamba. Walihitaji kitu cha kukata majani, kusukuma theluji na kulima vitunguu vyao. Ndiyo maana mwishoni mwa mwaka 1960 kiwanda cha Louisville kilianza kutoa trekta dogo zaidi, lililoitwa Cub Cadet. Toleo lile la kwanza lilitengenezwa hadi 1963, na zaidi ya 60,000 yaliuzwa.

Trekta la mjomba ni mojawapo ya hayo. Lilizaliwa katika mji uleule ambao leo umempokea yeye.

Sasa tulifungue kidogo, kwa ajili ya mafundi wetu wanaotusikiliza. Moteri yake ni ya kampuni ya Kohler, ina silinda moja na nguvu ya farasi 7, inatumia esansi. Kohler wenyewe wana historia ya kuchekesha. Mwanzilishi wake, John Michael Kohler, alikuwa mhamiaji aliyetoka Austria akiwa mtoto. Kampuni yake ya Wisconsin, iliyoanza 1873, ilifua vyombo vya chuma vya wakulima. Mwaka 1883 alichukua birika la kunyweshea mifugo, akalipaka rangi ngumu inayong'aa, akalifungia miguu minne, akaliuza kama beseni la kuogea. Hadi leo wengi wanaijua kampuni hiyo kwa mabeseni na vyoo kuliko moteri.

Nyuma ya trekta kuna sanduku la gia, tatu za kwenda mbele na moja ya kurudi. Waundaji walilichukua kutoka kwa kaka yake mkubwa, Farmall Cub, yaani ni gia za trekta la shamba zilizowekwa ndani ya trekta la bustani. Hapo ndipo ilipo siri ya maisha yake marefu: moteri ya farasi 7 haina nguvu ya kuvunja gia hizo.

Mjomba alilikuta nyuma ya nyumba ya mzee mmoja, limefunikwa kwa turubai, matairi yamepasuka. Bei ilikuwa dola 350. Hakukubali mara moja. Alifanya alivyofundishwa Kiliba. Alitoa buji, akauzungusha mtambo kwa mkono ili ajue kama pistoni imeshikana. Ikazunguka. Akaweka kidole kwenye tundu la buji na kuzungusha tena, akasikia pumzi inasukuma kidole. Akachomoa kijiti cha mafuta, akanusa. Kisha akafungua kidogo mafuta ya sanduku la gia, na hapo moyo ukashuka: yalitoka meupe kama maziwa, dalili kwamba maji yameingia. Akamwambia mzee, bei ishuke. Mzee akashusha hadi 200.

Lakini si bei iliyomfanya anunue. Mzee yule alikuwa amefanya kazi katika kiwanda kilekile. Aliingia ndani, akarudi na vitu viwili: kitabu cha maelezo cha trekta, kurasa zake zimejaa alama za vidole vya mafuta, na boksi la vipuri vya zamani. Akasema hivyo haviuzwi, vinafuatana na trekta. "Mwipwa wangu," mjomba aliniambia, "pale nilijua nimenunua. Chuma kilikuwa cha dola mia mbili. Kile kitabu hakina bei."

Kazi ilimchukua miezi miwili, jioni na Jumapili mchana. Alimwaga mafuta yote ya gia, akaosha, akajaza mapya, akalitembeza, akamwaga tena. Tangi la esansi lilikuwa na kutu ndani. Alitia kokoto safi na maji ya sabuni, akalitikisa hadi mikono ikauma. Karburateri aliifungua na kusafisha kila tundu kwa waya mwembamba. Bado moteri haikuwaka. Siku nne alitafuta. Mwisho akakuta ubaya uko kwenye vile vyuma viwili vidogo vya kukatiza umeme wa buji, ambavyo mafundi wetu wazee wanaviita platine. Vilikuwa na ukungu mwembamba tu. Akavisugua kwa karatasi laini, akapima nafasi kati yake kwa kipimo kilichoandikwa kitabuni, nusu milimita. Moteri ikawaka. Anasema alikaa chini kwenye majani, akakumbuka sauti ya garaji ya Kiliba asubuhi, kabla ya kazi kuanza.

Kiwanda chenyewe cha Louisville kiliishia wapi? Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakulima wa Marekani walikuwa wameelemewa na madeni, na riba ilipanda sana. Mwaka 1979 wafanyakazi wa International Harvester waligoma, na mgomo ukadumu siku 172. Kampuni ikaanza kuzama. Mwaka 1981 jina la Cub Cadet liliuzwa kwa kampuni ya MTD ya Ohio. Miaka michache baadaye sehemu yote ya kilimo iliuzwa pia, na katika miaka hiyohiyo ya 1980 kiwanda cha Louisville kilifungwa. Maelfu ya watu wakatoka getini bila kazi. Kwa hiyo kufa kwa kiwanda si jambo la Kiliba peke yake.

Lakini tazameni tofauti. Kiwanda cha Louisville kilikufa, trekta lake halikufa. Zaidi ya miaka 60 baadaye mtu analiwasha. Kwa nini? Kwa sababu yaliuzwa mengi, na katika miji mingi kulikuwa na duka la vipuri. Kwa sababu mtengenezaji mwingine aliendelea na jina na baadhi ya vipuri. Kwa sababu vitabu havikutupwa. Na kwa sababu wazee waliojua hawakuhamishwa kwa bunduki. Walibaki katika nyumba zao, na boksi zao za vipuri zikabaki chini ya meza.

Sisi tulipoteza hayo yote kwa pamoja. Kiliba iliposimama, hatukupoteza matrekta tu, tulipoteza pia watu waliojua sauti ya kila trekta. Mmoja yuko Kentucky, wengine wako Kigoma, wengine hatujui. Na hata pasipo vita, mashine bila mafundi na vipuri haidumu. Tunakumbuka mradi mkubwa wa kilimo wa Bukanga-Lonzo, uliozinduliwa mwaka 2014 kwa matrekta mapya kabisa. Kufika 2017 shughuli zilikuwa zimesimama, na mashine nazo.

Sasa turudi kwenye zawadi ya mjomba. Nimeuliza watu wa usafirishaji. Kulitia trekta la karibu kilo 300 melini hadi Dar es Salaam, kulipandisha hadi Kigoma na kulivusha ziwa, pamoja na forodha za nchi mbili, ni gharama inayozidi bei ya trekta mara nyingi. Likifika, mkanda ukikatika, mkanda wa kipimo kile uko wapi? Moteri yake inakunywa esansi, ambayo kwetu inauzwa kwa chupa na bei yake inapanda kila barabara inapofungwa. Wakati huohuo, hapa sokoni tuna vinu vya muhogo na mahindi vinavyozungushwa na moteri za mazutu za silinda moja kutoka China. Vijana wetu wanazifungua na kuzifunga wakiwa wanapiga hadithi. Vipuri vyake viko Uvira, viko Bujumbura, viko Kigoma. Kuna majembe ya moteri ya kusukumwa kwa mikono yanayotumia moteri za namna hiyohiyo.

Kuna swali zito kuliko moteri, na wamama wa chama waliliuliza kabla yangu: tutalima wapi? Familia nyingi zinalima kwa kukodi, msimu mmoja mmoja, na mwenye shamba akiona limesafishwa vizuri analirudisha kwake. Trekta linaharakisha kazi, halileti ardhi. Tukilipata kabla ya kuwa na mapatano ya maandishi na wenye mashamba mbele ya chifu, tutakuwa tumewasafishia wengine msitu kwa haraka zaidi.

Nilimweleza mjomba haya yote kwa heshima, maana zawadi ya mkubwa haikataliwi ovyo. Alinyamaza siku mbili. Nilidhani amekasirika. Siku ya tatu alituma ujumbe mfupi. Alisema trekta libaki Louisville, atalima nalo shamba la pamoja na Wakongomani wenzake, na kwamba ninyi wenyewe mkikubaliana Jumamosi, atatuma zile pesa za usafiri zinunue jembe la moteri ambalo fundi wa kinu anaweza kulitengeneza. Ila aliweka sharti moja. Vijana wawili wa chama, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wakae naye kwenye simu kila Jumapili, moteri ikiwa wazi mbele yao, awafundishe alichofundishwa Kiliba, na wao waandike kila kitu katika daftari.

Wajumbe wa kamati, uamuzi ni wenu. Mimi naomba jambo moja kwa wote wanaosikiliza, kuanzia Fizi hadi Uvira na ng'ambo ya ziwa: kama ulifanya kazi kwenye garaji ya Kiliba, au una mzazi aliyefanya, tupigie simu redioni. Daftari hilo lisianze na mzee mmoja tu.