Reli zilizokufa za Uhispania na waendesha baiskeli wake

Vijana wanaoendesha baiskeli hapa Pwani wameniuliza mara kadhaa kuhusu zile njia za Uhispania ambazo mtu hupita milimani kutwa nzima asikutane na gari. Wengine wanadhani ni hadithi. Atokaye Likoni kwenda Ukunda kwa baiskeli, huku lori la kokoto linampumulia mgongoni, ana haki ya kudhani hivyo. Lakini njia zenyewe zipo, nami nilipita vipande vya mbili nilipokwenda kumtembelea mpwa wangu anayefanya kazi Málaga. Nitaeleza ni nini, zilipatikanaje, na anayetaka kwenda ajiandae vipi.

Kwa Kihispania zinaitwa Vías Verdes, yaani njia za kijani. Kila moja ilikuwa njia ya reli. Vyuma viling'olewa, mataruma yakaondolewa, ardhi ikasawazishwa kwa changarawe iliyoshindiliwa au lami nyembamba. Wanaoruhusiwa ni watembea kwa miguu, wenye baiskeli, wapanda farasi na wenye viti vya magurudumu. Gari na pikipiki ni marufuku, ingawa sehemu nyingine mkulima huruhusiwa kuingiza trekta lake kufika shambani, na kuna mahali ambapo njia hukatana na barabara. Hapo ushuke, utazame pande zote mbili.

Kinachowashangaza watu ni kwamba nchi ile ni ya milima mitupu, na hata hivyo mtoto wa miaka kumi au mzee wa sabini huipita kwa baiskeli bila kuhema sana. Sababu ni treni. Gari moshi halipandi mlima kama mbuzi. Mhandisi wa reli alilazimika kutafuta njia ya taratibu, akakata kilima hapa, akatoboa handaki pale, akatandika daraja juu ya bonde. Mara nyingi mkweo hauzidi mita tatu za kupanda kwa kila mita 100 za kwenda. Kazi yote ile ya sulubu waliifanya watu wa zamani kwa ajili ya makaa, madini na mafuta. Leo anayefaidi ni mtu na baiskeli yake.

Mwanzoni mwa 1985 serikali ya Uhispania ilifunga reli nyingi kwa mpigo mmoja kwa sababu ya hasara, na kabla ya hapo nyingine zilikuwa zimekwisha kuachwa. Hesabu ilipofanywa mwaka 1993, zilionekana zaidi ya kilomita 7,600 za reli zisizopitiwa na treni. Mwaka huohuo ndipo mpango wa njia za kijani ulipoanza, ukiratibiwa na Fundación de los Ferrocarriles Españoles, wakfu wa reli wa nchi ile. Hadi sasa zaidi ya kilomita 3,000 zimefunguliwa.

Sasa jiulize: kwa nini 3,000 na siyo 7,600? Fedha ni sababu mojawapo. Ila liko jambo ambalo sisi watu wa Pwani tunalielewa kuliko mtu yeyote, nalo ni ardhi. Njia ya reli ni ukanda mwembamba na mrefu ajabu. Ukikaa mzima una thamani. Ukikatwa vipande, huyu akajenga ghala, yule akalima, mwingine akauziwa ploti, thamani yake yote imekwisha, maana njia ya kilomita 50 iliyozibwa mahali pawili si njia tena. Pale ambapo ukanda ulibaki mkononi mwa umma, serikali za miji na mikoa ziliweza kupewa ruhusa ya kuutumia na kazi ikafanyika. Palipouzwa au kuvamiwa, mpanda baiskeli hufika mwisho wa njia na kurudishwa barabarani kwenye malori.

Maarufu kuliko zote kusini ni Vía Verde de la Sierra, kati ya Puerto Serrano na Olvera, kilomita 36. Kisa chake kinachekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Reli ya kutoka Jerez kwenda Almargen ilianza kujengwa katika miaka ya 1920, mahandaki yakachimbwa, madaraja yakasimamishwa, na stesheni zikapandishwa. Fedha zikaisha, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 vikaja, na hakuna huduma ya treni iliyowahi kuanza kwenye kipande hiki. Ukanda ulilala miaka mingi ukiwa na mahandaki yake 30 na madaraja makubwa manne. Handaki refu kuliko yote linakaribia kilomita moja. Ukiwa katikati yake hujui mchana wala usiku, na baridi yake ni ya jokofu hata jua likiwaka nje.

Njia hii inaanzia kando ya mto Guadalete, mto ambao jina lake hutajwa na vitabu vingi vya historia kwa vita vya mwaka 711 baina ya jeshi la Tariq ibn Ziyad na mfalme Roderic. Mbele kidogo lipo jabali la Zaframagón, makao ya mamia ya tumbusi. Simama hapo saa ya asubuhi uwatazame wakizunguka bila kupiga bawa. Mwisho wa njia ni Olvera, mji wa nyumba nyeupe uliokaa chini ya ngome ya zama za Waislamu. Kwa macho yangu, zile kuta za chokaa na vichochoro vyake havikuwa vigeni kwa mtu aliyepita Mji wa Kale wa Mombasa au Lamu.

Ya pili niliyopita ni Vía Verde del Aceite, njia ya mafuta, kilomita 128 kutoka Jaén hadi Puente Genil. Reli yake ilikuwa ikibeba mafuta ya zeituni, na bado hupiti ila katikati ya mizaituni. Mkoa wa Jaén peke yake una zaidi ya mizaituni milioni 60. Vilima vyote vimetiwa nukta za kijani kwa safu, mpaka jicho linachoka. Madaraja ya chuma ya karne ya 19 bado yapo juu ya mabonde, na kijiji cha Zuheros kimening'inia kwenye mwamba na ngome yake. Mpwa wangu aliniambia nisikilize majina. Mafuta wanayaita aceite, tunda lenyewe aceituna, na kila mto wenye jina linaloanza na Guad ulianza kama "wadi" ya Kiarabu. Guadalquivir ni al-wadi al-kabir. Sisi nasi twasema zeituni. Neno moja limekwenda pande mbili za dunia.

Kaskazini-mashariki ipo ndefu kuliko zote, Ojos Negros, kama kilomita 160, kutoka milima ya Teruel kushuka hadi karibu na bahari upande wa Valencia. Kampuni ya madini ya chuma haikupatana na wenye reli iliyokuwapo kuhusu nauli ya mizigo, ikaamua kujenga reli yake mwenyewe kandokando ya ile ya kwanza, ikaanza kazi 1907. Mwaka 1972 ikafungwa. Ubishi wa matajiri wawili umewaachia watu njia ya kuteremka kutoka zaidi ya mita 1,200 hadi pwani. Na Catalonia kuna Carrilet, kilomita zipatazo 54 kutoka Olot hadi Girona, kati ya volkano zilizozimika, nzuri kwa familia.

Si kila Mhispania anashangilia. Magharibi ya nchi, kwenye ile reli ya Ruta de la Plata iliyofungwa 1985 kati ya Plasencia na Astorga, wapo wanaotaka treni irudi, nao wanasema njia ya baiskeli ni kumzika maiti kabla hajafa. Nawaelewa. Kijiji kisicho na treni vijana wake huhama. Hata hivyo naona njia ya baiskeli ni mlinzi mzuri wa ardhi ya reli: panapopita watu kila siku hapajengwi kibanda, na siku treni ikitakiwa ukanda upo. Reli yetu ya Voi hadi Taveta, iliyojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na ambayo ilikaa miaka mingi bila treni, ningependa wahusika waitazame kwa jicho hilo kabla ya ploti kuanza kuhesabiwa.

Anayekusudia kwenda achague Aprili, Mei au Oktoba. Julai na Agosti kule kusini joto hupita nyuzi 40, na kwenye mizaituni hakuna kivuli cha kutosha. Chukua taa ya mbele na ya nyuma kwa ajili ya mahandaki, maana taa za ukutani huzimika au hazipo. Beba tyubu, pampu na maji mengi, kwani stesheni nyingine ni magofu. Nyingine zimekuwa mikahawa na nyumba za wageni. Dharura ni nambari 112.

Chakula kinataka uangalifu. Nguruwe huko huingia hata pale usipomtarajia: salmorejo, supu baridi ya nyanya, huletwa na vipande vya nyama hiyo juu. Sema "sin jamón" kabla hawajaandaa. Tortilla ya mayai na viazi, jodari, mkate na mafuta ya zeituni vilitutosha, na uliza kama vimekaangwa kwa mafuta ya mimea.

Mkenya anahitaji viza ya Schengen, nayo iombwe mapema. Baiskeli usiisafirishe, hukodishwa karibu na stesheni kubwa za njia hizi, na baadhi ya wenye maduka hukupeleka kwa gari hadi mwisho wa juu ili urudi kwa mteremko. Olvera haina treni, hufikiwa kwa basi au gari. Kwa ambaye hajazoea, aanzie huko ashukie Puerto Serrano. Akifanya kinyume atakuta stesheni ya Olvera iko bondeni na mji uko juu, na ule mkweo wa mwisho wa kuingia mjini haukupimwa na mhandisi wa reli.