Mji wa Unguja na Haki ya Kuupanga

Mji wa Unguja ulipata mpango wake wa kwanza mwaka 1923, kazi ya H. V. Lanchester. Ukafuata wa Henry Kendall mwaka 1958, wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki mwaka 1968, na wa Wachina mwaka 1982. Yote ilichorwa na wageni, na wakaazi hawakupewa nafasi ya maana ya kusema. Walioumia zaidi ni watu wa Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoitenga na Mji Mkongwe, ambalo baadaye lilifukiwa. Utawala wa kikoloni uliihesabu Ng'ambo kuwa mtaa wa wenyeji tu, na baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilibomolewa kupisha majumba marefu ya Michenzani.

Mji Mkongwe nao ulikuwa na mgogoro wake. Baada ya Mapinduzi wenye nyumba wengi walihama au walinyang'anywa mali, na serikali ikawaweka humo wapangaji, wengine wakitoka mashamba na Pemba. Kodi ilikuwa ndogo mno kulipia matengenezo. Mapaa yakavuja, kuta za mawe na chokaa zikaporomoka. Si haki kuwalaumu wapangaji peke yao kwa uchakavu huo. Mwaka 1985 serikali iliunda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na mpango wa hifadhi ukakamilika mwaka 1994. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mvutano haukuisha: wapangaji wanataka makaazi, wasimamizi wa wakfu wanalinda amana, wawekezaji wanatafuta hoteli. Jengo la kale la Mambo Msiige, mjini humo, lilipogeuzwa hoteli kubwa, Kamati ya Urithi wa Dunia yenyewe iliingiwa na wasiwasi.

Hatua ya kutia moyo zaidi katika kuwapa wakaazi sauti ilitoka Ng'ambo, mahali ambapo hapakuwa na majumba ya kifahari ya kuhifadhi. Katika miaka ya 2010, idara ya mipango miji na washirika wa Uholanzi waliendesha mradi wa Ng'ambo Tuitakayo. Wakaazi waliulizwa ni mahali gani pana thamani kwao, na majibu yao hayakuishia kwenye majengo: walitaja baraza, maskani, masoko na viwanja, yaani pale watu wanapokutana. Maeneo hayo yalichorwa kwenye ramani na kuzingatiwa katika mpango unaoitazama Ng'ambo kuwa kitovu cha mji, na mwaka 2019 ikachapishwa atlasi ya historia ya mitaa hiyo.